Jasho la usiku kwa wanawake ambao bado hawajakaribia kukoma hedhi: tuanze kuchunguza wapi?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, nimeona jambo hili lipewe uzi wake lenyewe, kwa kuwa kila linapogusiwa katikati ya mada nyingine huishia kwenye majibu mawili tu: ama mhusika huambiwa kwamba ni mawazo na apumzike, ama hutishwa kwamba ana ugonjwa mkubwa na akimbilie kila kipimo kilichopo. Mimi ni tabibu, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuwahudumia wanawake wa umri wa kati ya miaka 20 na 40. Nitaeleza ninavyolitazama tatizo hili, kisha wenye maswali waulize.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Mtu aliyejifunika blanketi zito katika chumba kisichopitisha hewa atatoka jasho, na hilo si dalili ya kitu chochote. Jasho la usiku linalomfanya tabibu aulize zaidi ni lile linaloilowesha nguo ya kulalia na shuka kiasi cha kulazimika kuzibadilisha, linalojirudia, na ambalo halikomi hata baada ya kupunguza matandiko na kufungua dirisha. Hata kwa maana hiyo finyu, malalamiko haya ni ya kawaida kuliko wengi wanavyodhani. Katika utafiti uliofanywa kwenye kliniki za kawaida nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, wagonjwa wazima wapatao 4 katika kila 10 walisema kwamba walitokwa jasho usiku ndani ya mwezi uliotangulia. Dalili iliyoenea kiasi hicho haiwezi kuwa, peke yake, alama ya ugonjwa fulani. Ndiyo maana mimi husikiliza zaidi yale yanayoambatana na jasho kuliko jasho lenyewe.

Joto la mwili husimamiwa na haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wake wa chini, ambayo huweka kiwango cha juu na cha chini kinachovumilika. Joto likivuka kiwango cha juu, mishipa ya damu ya ngozi hutanuka na jasho hutoka ili kuupoza mwili. Kwa hiyo kuna njia mbili za kuamka umeloa: ama kitu fulani kimeongeza joto, ama kiwango chenyewe kimeshushwa. Homa hucheza na vyote viwili, maana maambukizi hupandisha kiwango, mgonjwa akahisi baridi na kutetemeka, kisha kiwango kinaposhuka ghafla mwili unajikuta una joto la ziada na kulimwaga kwa jasho. Estrojeni, homoni ya kike itokayo kwenye ovari, inapopungua hutokea jambo jingine: nafasi iliyopo kati ya viwango viwili husinyaa, na ongezeko dogo la joto ambalo zamani lisingehisiwa hata kidogo linatosha kumwamsha mtu.

Hapo ndipo swali langu la kwanza kwa mwanamke kijana linapotoka, nalo ni hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini na jasho linaangukia siku gani za mzunguko. Baada ya yai kupevuka, projesteroni, homoni nyingine ya ovari, hupandisha joto la mwili kwa nyuzi kama 0.3 hadi 0.5 za Selsiasi, na siku chache kabla ya hedhi homoni zote mbili hushuka kwa pamoja. Mwanamke anayeloa kwa usiku mbili tatu kabla ya kuona siku zake, kisha akalala vizuri mpaka mwezi unaofuata, kwa kawaida ameshajipatia jibu kabla hajatolewa damu. Ujauzito nao usisahauliwe, hasa miezi yake ya mwanzo. Kipimo cha mkojo ni rahisi na huondoa ubishi mapema.

Swali la pili ni dawa. Ningependa nilitilie mkazo hili kwa sababu ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi. Dawa za sonona na wasiwasi za kundi la sertraline, fluoxetine na escitalopram huleta jasho jingi kwa takriban mtumiaji 1 katika kila 10, na venlafaxine, ambayo ni ya kundi la jirani, ina tabia hiyo hiyo. Clomiphene, inayotumiwa kusaidia yai kupevuka, huleta vipindi vya joto la ghafla. Sindano zinazotolewa kwa ajili ya endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mji wa mimba kuota nje yake) au uvimbe wa fibroidi, kama goserelin na leuprolide, hufanya kazi kwa kuzima ovari kwa muda, kwa hiyo jasho lake ni lile lile la mwanamke aliyekoma hedhi. Prednisolone na dawa kali za maumivu zitokanazo na afyuni zimo pia katika orodha. Hata paracetamol humezwa jioni kwa homa ndogo, ikashusha joto usiku wa manane, na mgonjwa akaja kueleza jasho bila kutaja homa wala kidonge. Nikisema dawa, namaanisha kila kinachomezwa, pamoja na vile ambavyo watu huviita virutubisho. Lakini asiache mtu dawa ya sonona kwa sababu ya maneno haya. Kuiacha ghafla nako huleta jasho, kizunguzungu na usingizi mbaya. Amwone aliyemwandikia, maana mara nyingine hutosha kubadilisha kiwango, saa ya kumeza, au dawa yenyewe.

Mchangiaji wa kwanza

Daktari, nashukuru kwa maelezo. Nina miaka 34, situmii dawa yoyote isipokuwa vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo nimevitumia kwa miaka kadhaa. Siku zangu huja kila mwezi bila kukosa, kwa hiyo nadhani suala la homoni naweza kuliondoa. Hata hivyo, katika ile wiki ya kupumzika vidonge nahisi joto linapanda kutoka kifuani hadi usoni, na usiku naloa. Je, nielekee upande wa maambukizi?

Mleta mada

Dada, usiliondoe bado. Damu inayotoka katika wiki ya kupumzika vidonge mchanganyiko, yaani vyenye homoni za aina mbili, hutokana na kuacha kumeza homoni za kwenye kidonge, na haithibitishi kwamba ovari zako zinafanya kazi. Kuna hali ambayo ovari hupunguza au kusimamisha kazi kabla ya umri wa miaka 40, ilhali kwa kawaida hedhi hukoma katika umri wa miaka kama 51. Makadirio yaliyotumika kwa muda mrefu ni mwanamke 1 katika kila 100, na tafiti za karibuni zinaelekea kuona kwamba wapo zaidi ya hapo. Mwanamke mwenye hali hiyo anaweza kumeza vidonge kwa miaka, akaona damu kila mwezi kwa tarehe ile ile, na asijue lolote mpaka siku atakapoviacha. Estrojeni ya kwenye kidonge humfunika wiki tatu. Katika wiki ya nne, anapobaki na ile ya mwilini mwake peke yake, joto na jasho hujitokeza. Simaanishi kwamba ndivyo ulivyo, kwa kuwa wapo wenye ovari nzima kabisa wanaohisi mshuko huo wa homoni. Nasema tu kwamba maelezo yako yananifanya niulize kama mama yako au dada zako walikoma hedhi mapema, kama uliwahi kupata tibakemikali au mionzi ya nyonga, kama una ugonjwa wowote wa kinga ya mwili kujishambulia, na kama ukeni kumekuwa kukavu.

Kipimo kinachotumika ni cha homoni ya FSH, ambayo ubongo huimwaga kwa wingi pale ovari zinapokuwa haziitiki. Wengi hukosea hapa, kwa sababu vidonge mchanganyiko huishusha FSH, na kuipima ukiwa unavimeza kunaweza kukupa jibu la kutuliza lisilo la kweli. Zungumza na daktari wa magonjwa ya wanawake kuhusu kuvisimamisha kwa muda huku ukitumia kinga nyingine, ili upimwe ipasavyo.

Hali hii ikithibitika, faida ya kuijua haiishii kwenye jasho. Mifupa ya mwanamke aliyekosa estrojeni tangu miaka yake ya thelathini hupungua uimara mapema, na moyo wake nao hupoteza kinga hiyo, kwa hiyo hupewa homoni mbadala mpaka afikie umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Hofu nyingi juu ya homoni hizo zilitokana na tafiti za wanawake wenye umri mkubwa, na hazipaswi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mtu wa miaka 34 anayerudishiwa tu kile ambacho mwili wake ungekuwa nacho. Vilevile, wachache wao, kati ya 5 na 10 katika kila 100, hushika mimba bila msaada, kwa hiyo utambuzi huo usichukuliwe kuwa kinga ya mimba.

Mchangiaji wa pili

Mimi nilijifungua wiki tatu zilizopita na ninanyonyesha. Kila usiku naamka nguo imenishika mgongoni, na mtoto mwenyewe nikimshika ananishangaa kwa unyevu. Mama mkwe anasema ni uchafu wa uzazi unatoka na nisijali. Je, ni kweli?

Mleta mada

Hongera kwa kujifungua, dada. Mama mkwe yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhaniwa. Kondo la nyuma linapotoka, estrojeni na projesteroni huporomoka ndani ya siku chache, na wakati huo huo mwili unaondoa maji mengi uliyoyahifadhi wakati wa ujauzito, kwa mkojo na kwa jasho. Jasho hilo huwa kali zaidi katika wiki mbili za mwanzo na hupungua polepole. Kunyonyesha huifanya estrojeni ibaki chini, kwa hiyo kwa mnyonyeshaji linaweza kukawia. Kunywa maji ya kutosha na ulalie nguo nyepesi ya pamba.

Ila upe mipaka ushauri huo. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, au titi likawa jekundu, gumu na lenye maumivu, au damu ya uzazi ikawa na harufu mbaya, au tumbo la chini likauma, au kidonda cha upasuaji kikatoa usaha, hayo ni maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo, na hayangoji asubuhi. Na ikiwa jasho litaondoka kisha lirudi baada ya miezi michache pamoja na mapigo ya moyo kwenda mbio, kutetemeka mikono na kukosa subira, omba kupimwa tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni. Huvimba baada ya kujifungua kwa wanawake kama 5 hadi 10 katika kila 100, kwanza ikimwaga homoni kupita kiasi, kisha wengi wao wakaingia kipindi cha upungufu, chenye uchovu na huzuni ambavyo husingiziwa malezi.

Mchangiaji wa tatu (muuguzi)

Naomba niongezee juu ya thairoidi hata kwa ambao hawajazaa. Mgonjwa wa tezi inayofanya kazi kupita kiasi haloi usiku tu. Mchana pia havumilii joto, anakula vizuri huku akikonda, anakwenda haja kubwa mara nyingi, na ukimwambia anyooshe mikono mbele na kuweka karatasi juu ya vidole, utaiona karatasi ikitetemeka. Kipimo cha TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi hiyo, hutosha kuanzia. Tuwaulize pia kama wanatumia vidonge vya nywele na kucha, kwa sababu vingi vina biotini ya kiwango kikubwa, nayo huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara hata majibu yakaonyesha ugonjwa wa thairoidi usiokuwepo. Huacha kuvimeza angalau siku mbili kabla ya kutoa damu.

Mleta mada

Muuguzi amenisaidia kwa jambo nililokusudia niliposema virutubisho. Nimewaona wanaoanzishiwa safari ndefu ya matibabu kwa jibu moja la maabara, bila mtu kuuliza kuhusu kichupa kilichoko mezani kwao.

Mchangiaji wa nne

Ndugu tabibu, mbona unakwepa yale tunayoyaogopa? Ukitafuta habari za jasho la usiku mtandaoni, la kwanza ni kifua kikuu, la pili ni virusi vya UKIMWI, la tatu ni saratani. Je, yamekuwa si ya kweli?

Mleta mada

Ni ya kweli, na sikuyakwepa. Niliyaweka nyuma kwa sababu kwa kijana asiye na dalili nyingine si ya mwanzo katika orodha ya uwezekano.

Kifua kikuu huleta jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, kukosa hamu ya kula na kupungua uzito. Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza kwamba watu wanaoishi na VVU waulizwe kila wanapofika kliniki kuhusu mambo manne, yaani kikohozi, homa, kupungua uzito na jasho la usiku, na lolote kati ya hayo likiwepo wachunguzwe. Kwa mwenye VVU, basi, jasho peke yake linatosha kuwa sababu ya kupimwa. Kwa asiye nayo, kutokuwa na kikohozi hakumtoi hatarini kabisa, kwa sababu kifua kikuu hukaa hata kwenye tezi za shingo, uti wa mgongo au nyonga, na hicho cha nyonga kinaweza kuvuruga hedhi na uzazi kwa kimya kirefu. Aliyeishi na mgonjwa nyumba moja aseme hivyo bila kungoja kuulizwa. VVU vyenyewe, wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, huweza kuleta homa, koo kuuma, vipele na jasho, kisha vikatulia. Kipimo cha siku hizo za mwanzo huweza kutoka hasi na kuhitaji kurudiwa. Mahali penye malaria, homa yenye kutetemeka na kisha jasho hupimwa siku hiyo hiyo. Na wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa au wanaoshughulika na mifugo waitaje kazi yao, kwa kuwa brusela huleta homa na jasho la kuja na kuondoka, pamoja na maumivu ya viungo, kwa wiki nyingi bila kutambuliwa.

Kuhusu saratani, inayohusika zaidi na umri huu ni ya tezi za limfu, hasa aina ya Hodgkin, ambayo huwapata vijana wazima kuliko watu wengi wanavyofikiri. Madaktari huzipa uzito wa pekee dalili tatu: homa inayozidi nyuzi 38 bila sababu inayojulikana, jasho la kulowesha mashuka, na kupungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kukusudia. Aliyekuwa na kilo 60 atakuwa amepoteza zaidi ya 6. Dalili ambayo mtu anaweza kuigundua mwenyewe ni mtoki usiouma, mgumu kidogo kama mpira, shingoni, kwapani au juu ya mfupa wa mtulinga, ambao haupungui kwa wiki kadhaa. Wengine huwashwa mwili mzima bila upele. Mtoki unaouma wakati wa mafua na kuisha pamoja na mafua ni kitu kingine kabisa. Ule usioisha hautibiwi kwa kubadilisha antibiotiki mara tatu. Hukatwa kipande au kutolewa wote ukachunguzwe maabara.

Mchangiaji wa tano

Naandika kwa niaba ya mke wangu, ambaye ana miaka 31. Hana homa, hajakonda, bali ameongezeka uzito. Huamka ameloa, kichwa kinamuuma asubuhi, na mchana anasinzia. Hakoromi sana, ila mara nyingine huvuta pumzi kwa kushtuka kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Mleta mada

Ndugu, umeona jambo ambalo yeye asingeweza kuliona, na uende naye kliniki ukalieleze wewe mwenyewe. Huko kushtuka kunatia shaka ya pumzi kukatika usingizini. Kila njia ya hewa inapoziba mwili hupambana, moyo hukimbia na jasho hutoka. Tafiti zilizofanywa Iceland zilionyesha kwamba wenye tatizo hili hutokwa jasho usiku mara kwa mara takriban mara tatu kuliko watu wengine. Kwa wanawake huchelewa kutambuliwa kwa sababu wengi hawakoromi kwa kishindo, na malalamiko yao huwa uchovu, kichwa kuuma na usingizi usioburudisha, ambavyo huandikiwa dawa ya wasiwasi. Ikiwa anatumia insulini au vidonge vya kisukari vya aina ya glibenclamide, pimeni pia sukari anapoamka ameloa, kwa kuwa ikiwa chini ya 3.9 mmol/L jasho hilo ni la sukari kushuka, na hapo anahitaji kitu kitamu papo hapo kabla ya maelezo yoyote.

Mchangiaji wa sita

Mimi viganja na kwapa hutoka jasho tangu nikiwa shuleni. Je, la usiku ni mwendelezo wa hilo?

Mleta mada

Haielekei. Jasho la viganja na kwapa la kuzaliwa nalo kwa kawaida husimama mtu anapolala. Ikiwa sasa linakuja usingizini, lichukulie kuwa jambo jipya lenye sababu yake.

Mchangiaji wa saba

Nimepimwa picha kamili ya damu, TSH, VVU, sukari, ujauzito na eksirei ya kifua, na kila kitu kimekuwa kizuri. Bado naloa usiku mbili au tatu kwa wiki. Wasiwasi ninao, sikatai, lakini nimechoka kuambiwa ni wasiwasi.

Mleta mada

Nakuelewa, dada. Wasiwasi kweli huleta jasho, na wapo wanaoamshwa usiku na hofu ya ghafla, moyo ukidunda na mwili umeloa. Hata hivyo, mtu hutakiwa kuufikia kwa kuona dalili zake, asiutumie kama jina la vipimo vilivyotoka vizuri. Kabla hujarudi kliniki, andika kwa mizunguko miwili ya hedhi: tarehe, siku ya mzunguko, ulichomeza na saa uliyokimeza, pombe ikiwa unakunywa, kiungulia, ndoto mbaya, na joto la mwili lililopimwa kabla hujanyanyuka kitandani. Usiku ambao kipimajoto kinasoma nyuzi 36 na nusu huku umeloa hauelekezi kwenye maambukizi; kikisoma 38.2, daktari ana kitu cha kufuatilia. Jipime uzito kila baada ya wiki mbili kwenye mzani ule ule. Ikiwa jasho litajipanga kabla ya hedhi, au hedhi zenyewe zitaanza kuruka, ongezeni kipimo cha FSH. Ikiwa mizunguko hiyo miwili itapita bila homa, bila kukonda, bila mtoki, na hedhi zikawa sawa, mimi nisingekutafutia vipimo zaidi kwa sasa; ningekupangia turudiane baada ya miezi mitatu, na tarehe hiyo ningeiandika kwenye kadi yako kabla hujatoka.